Kilo 184 za alizeti ambazo hazikufika kwenye seva: kisa cha mfumo wa mzani Chamwino

Siku ya malipo, mwezi wa Juni, mzee mmoja alifika kwenye ofisi ya chama cha msingi cha ushirika katika Wilaya ya Chamwino akiwa na kipande cha karatasi alichokikunja mara nne na kukitia kwenye mfuko wa koti. Aliwasalimu waliokuwa kwenye benchi, "Mbukwenyi," akaketi kusubiri jina lake lisomwe. Orodha ilisomwa mpaka mwisho na jina lake halikutajwa. Alimwendea karani wa mzani, binti aliyempokelea mzigo wiki mbili kabla, akamuuliza bila kupandisha sauti: "Mjukuu wangu, mimi si nilileta magunia matatu mbele ya macho yako?" Karani akamjibu, "Ulileta, babu, na nilikuingiza mimi mwenyewe. Simu iliniambia imehifadhiwa." Karatasi ya mzee ilisema kilo 184. Kwenye seva, kompyuta ya mbali inayotunza kumbukumbu zote, hapakuwa na kilo hata moja kwa jina lake, na katika orodha hiyohiyo mkulima mwingine alionekana ameleta mzigo uleule mara mbili, uzito uleule, kwa tofauti ya sekunde zisizozidi dakika moja.

Mfumo huo tuliujenga sisi, watu watatu tunaofanya kazi Dodoma mjini, na chama sikitaji jina kwa sababu kosa halikuwa lake. Kilichotakiwa kilikuwa kitu kimoja kilicho wazi: mkulima akileta alizeti, uzito uandikwe papo hapo kituoni, makao ya chama yauone, na siku ya malipo pasiwe na ubishi. Kituo chenyewe ni mzani uliotundikwa kwenye tawi la mkwaju nyuma ya ghala, meza, daftari, na simu janja ya bei nafuu yenye memori ya gigabaiti 1. Upande wa mashariki kuna kilima cha majabali kinachoziba mnara, kwa hiyo asubuhi mtandao hupatikana vizuri kiasi, na kuanzia saa tano, watu wote wa eneo hilo wanapokuwa wameamka na kuwasha data, hubaki alama tu juu ya kioo huku hakuna kinachopita.

Tulichojenga mara ya kwanza kilikuwa programu ya ukurasa mmoja, aina ambayo wasanidi wengi tunaijua kuliko nyingine yoyote kwa sasa. Seva hutuma ukurasa ulio karibu mtupu, wenye kisanduku kimoja kisicho na kitu ndani na agizo la kupakua faili la JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Faili hilo likifika na kuendeshwa, ndipo simu yenyewe inapochora fomu, vitufe na orodha. Tangu hapo mtumiaji haondoki tena kwenye ukurasa huo, bali data hupita chinichini na sehemu za kioo hubadilika. Njia hii ilianza kuwezekana Microsoft ilipoweka kwenye kivinjari chake cha wakati huo, Internet Explorer 5, mwaka 1999, chombo cha kuomba data bila kufungua ukurasa upya. Ikapata jina la Ajax mwaka 2005 kupitia makala ya Jesse James Garrett. Na baada ya React, maktaba ya JavaScript ya kuchorea kurasa, kutolewa mwaka 2013, ikawa jambo la kawaida kabisa. Sisi tulitumia React kwa sababu ndiyo tuliyoizoea. Sikumbuki kama tulikaa hata saa moja kujiuliza iwapo kazi ya kupima magunia inaihitaji.

Baada ya siku ile ya malipo tulikwenda kukaa kituoni siku mbili nzima, na ninawashauri wote wanaotengeneza mifumo ya aina hii wafanye hivyo kabla ya kuandika mstari wa kwanza, maana tuliyoyaona pale hatungeyaona kwenye kompyuta zetu.

Karani alipokuwa akibonyeza "Hifadhi", alama ya tiki ya kijani ilitokea mara moja na jina la mkulima likaingia kwenye orodha iliyo juu ya kioo. Tiki hiyo haikutoka kwenye seva. Tuliiandika sisi itokee kabla ya jibu, kwa kudhani kwamba karibu kila ombi linalotumwa kwenye seva hufanikiwa na kwamba mtumiaji hapendi kusubiri. Kwa kitufe cha kupenda picha ya rafiki, mtindo huo hauna madhara makubwa. Kwa mzigo wa mtu aliyeusafirisha kwa mkokoteni wa ng'ombe tangu alfajiri, tiki hiyo ni ushahidi wa uongo. Ombi liliposhindwa, programu ilijaribu tena mara tatu na kisha ikaandika taarifa ya hitilafu mahali ambapo wasanidi tu ndio huangalia. Karani hakuambiwa chochote.

Hata hivyo, jina lilibaki kwenye orodha ya kioo, na mtu angeweza kutarajia kwamba lingetumwa baadaye mtandao ukirudi. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Karani alihitaji kutoa uzito wa magunia matupu, na fomu yetu haikuwa na sehemu ya hesabu hiyo, kwa hiyo kila baada ya kupima alitoka kwenye kivinjari, akafungua kikokotoo cha simu, akapiga hesabu, kisha akarudi. Nilimtazama akifanya hivyo kwa mkulima wa nne asubuhi ile. Aliporudi kwenye kivinjari, kioo kilikuwa cheupe kwa muda, kisha ukurasa ukaanza kujipakua upya, na orodha ilipotokea ilikuwa imepungukiwa majina mawili. Simu yenye memori ndogo huua kurasa zilizo nyuma ili kupisha kinachotumika mbele, na orodha yetu ilikaa kwenye memori ya muda ya ukurasa, haikuandikwa popote pengine. Kikokotoo ndicho kilichofuta kilo 184 za yule mzee, na kikokotoo kilifunguliwa kwa sababu sisi hatukuweka hesabu ya kutoa.

Mzigo ulioandikwa mara mbili ulikuwa na chanzo cha upande wa pili. Ombi lilifika kwenye seva, seva ikaandika, lakini jibu lilipotea njiani likirudi. Programu ikadhani imeshindwa, ikatuma tena, na seva ikapokea kana kwamba ni mzigo mpya. Hapakuwa na kitu chochote kwenye ombi kilichoiwezesha seva kutambua kwamba inaambiwa habari moja kwa mara ya pili.

Kulikuwa pia na kisa cha ukurasa mweupe, ambacho karani alikuwa amekizoea kiasi cha kukiita "simu imesusa". Ili kupunguza uzito, tulikuwa tumeligawa faili letu vipandevipande, kila kipande kikipakuliwa pale kinapohitajika, na kila tulipotoa toleo jipya majina ya vipande yalibadilika na vya zamani vikafutwa kwenye seva. Karani alifungua ukurasa saa moja asubuhi. Sisi tukatoa toleo jipya saa tano. Yeye akabonyeza "Mwanachama mpya" saa sita. Ukurasa wake ukaomba kipande ambacho hakipo tena, JavaScript ikasimama, na kwa kuwa kila kilichokuwa juu ya kioo kilichorwa na JavaScript, kila kitu kikaondoka nayo. Wakulima walisubiri kwenye mstari, upepo wa kipupwe ukipeperusha vumbi, hadi faili zima lilipopakuliwa upya. Faili hilo lilikuwa na megabaiti 1.2 hata baada ya kubanwa. Kwa kasi ya kilobiti 100 kwa sekunde, hizo ni biti milioni 9.6, yaani sekunde 96 za kupakua peke yake, na bado simu haijaanza kuusoma msimbo, kuutafsiri na kuuendesha, kazi ambayo simu ya aina ile huifanya kwa taabu. Kilobaiti mia za picha na kilobaiti mia za JavaScript hazina uzito mmoja kwa simu dhaifu, ingawa bando huzihesabu sawa.

Tuliporudi mjini tulibishana kwa siku kadhaa, na hoja za mwenzangu aliyeutetea mfumo wa kwanza zilikuwa nzito. Alisema kwamba hakuna hata moja ya kasoro hizi iliyo ya lazima katika programu ya ukurasa mmoja: orodha ingeweza kuandikwa kwenye hifadhi ya kudumu ya kivinjari, tiki ingeweza kusubiri jibu, kila ombi lingeweza kupewa namba ya kipekee, na vipande vya zamani vingeweza kuachwa kwenye seva kwa wiki kadhaa. Alikuwa sahihi katika yote manne. Aliongeza kwamba programu ikishapakuliwa mara moja, kinachopita baadaye ni data kidogo sana, wakati mfumo wa kurasa hutuma ukurasa mzima kila mara. Kwa nadharia ni kweli. Kwa kituo chetu haikuwa kweli, kwa sababu tulitoa matoleo mapya mara kwa mara katika msimu, kila toleo likilazimisha faili kupakuliwa upya, na simu zilizojaa picha na video huondoa akiba ya kivinjari, yaani nakala za faili zilizokwisha kupakuliwa, bila kumuuliza mtu.

Kilichonigeuza mimi ni swali jingine: JavaScript isipofika, au ikikwama katikati, karani anabaki na nini? Katika mfumo wetu jibu lilikuwa hakuna. Na hili halihusu watu waliozima JavaScript kwa makusudi, ambao mwenzangu aliuliza kwa haki kama yupo hata mmoja Chamwino. Mwaka 2013 idara ya huduma za kidijitali ya serikali ya Uingereza ilipima matembezi kwenye ukurasa wa mwanzo wa GOV.UK na kukuta kwamba asilimia 1.1 hawakupata yale yaliyoongezwa na JavaScript. Asilimia 0.2 tu ndio waliokuwa na kivinjari kilichoizima au kisichoiweza, asilimia 0.9 iliyobaki ni watu ambao vivinjari vyao vingepaswa kuiendesha, lakini kwa sababu moja au nyingine haikuendeshwa. Hiyo ni Uingereza, penye nyaya na minara mingi. Hata Twitter (leo X), iliyokuwa na wahandisi wa kutosha, ilihamishia kazi ya kuchora kurasa kwenye kivinjari mwaka 2010, na mwaka 2012 ikairudisha kwenye seva, ikieleza kwamba muda wa kufungua ukurasa kwa mara ya kwanza ulishuka hadi moja ya tano ya ule wa awali.

Wazo la kuanza na ukurasa unaofanya kazi bila nyongeza, kisha kuongeza kwa tabaka, liliwasilishwa kwa jina lake na Steven Champeon na Nick Finck mwaka 2003 kwenye mkutano wa South by Southwest huko Austin, Marekani. Kwa Kiswahili mimi huliita uboreshaji wa hatua kwa hatua. Kabla yake desturi ilikuwa kujenga kwa ajili ya kivinjari kipya kabisa na kisha kutia viraka kwa ajili ya vilivyobaki nyuma. Wao waligeuza mwelekeo. Mwelekeo huo unalingana na tabia ya vifaa vyenyewe, yaani lugha tatu zinazounda ukurasa wa wavuti. HTML, inayobeba maandishi na fomu, ikikutana na kitambulisho isichokijua hukiruka na kuonyesha maandishi yaliyomo. CSS, inayopanga rangi na mwonekano, ikikutana na kanuni isiyoijua huiacha na kuendelea na inayofuata. Lakini kosa moja la sarufi ndani ya faili la JavaScript hulizuia faili zima lisiendeshwe. Kwa hiyo kuweka jambo la lazima kwenye JavaScript peke yake ni kulikabidhi kwa kile kisichosamehe hata kidogo kati ya vitatu.

Nadhani hatukuwa tumeelewa kwamba kivinjari kina uaminifu wake wa asili. Fomu ya kawaida ikitumwa, ukurasa haubadiliki mpaka jibu lifike; kuna mstari unaosogea juu; mtandao ukikatika, kivinjari chenyewe hutangaza kwamba hakuna muunganisho, na hakuna karani atakayedhani kwamba mzigo umehifadhiwa. Programu ya ukurasa mmoja humzuia kivinjari asifanye kazi hiyo, na tangu hapo kungoja, kushindwa, kitufe cha kurudi nyuma, na hata mahali mtu alipofikia katika kusoma orodha, vyote vinakuwa wajibu wa msanidi. Sisi tuliichukua kazi hiyo mikononi mwetu kisha tukaifanya nusu.

Basi tuliijenga upya. Msingi ni fomu ya HTML yenye namba ya uanachama, idadi ya magunia, uzito wa mzani na kitufe kimoja. Ndani yake kuna namba ya kipekee, isiyoonekana kwenye kioo, ambayo seva huitoa kila inapoituma fomu, na hifadhidata hukataa kuandika namba hiyo mara mbili, kwa hiyo karani akibonyeza mara tano kwa wasiwasi, mzigo huandikwa mara moja na majibu yote matano huonyesha stakabadhi ileile. Hesabu ya kutoa uzito wa magunia matupu hufanywa na seva. Seva ikishaandika, humpeleka karani kwenye ukurasa wa stakabadhi wenye anwani yake mwenyewe, ili akifungua upya ukurasa huo asitume fomu tena. Ukurasa wa fomu, ukibanwa, una kilobaiti 11. Nilijitahidi ubaki chini ya 14, kwa sababu tangu pendekezo la mwaka 2013 seva nyingi huanza mazungumzo kwa kutuma pakiti kumi, yaani vifurushi vidogo vya data, karibu kilobaiti 14, kabla ya kungoja simu ijibu; ukurasa unaotosha humo hufika kwa mruko mmoja, na kwenye mtandao ambao kila safari ya kwenda na kurudi inachukua sekunde nzima au zaidi, tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Kituo kingine ambako karani hutumia kivinjari cha Opera Mini ili kubana bando, na ambako mfumo wa kwanza haukuwahi kufanya kazi sawasawa, kiliingia bila sisi kubadilisha chochote.

Juu ya msingi huo tukaweka JavaScript ndogo. Inaonyesha uzito halisi wakati karani anaandika, na hivyo kikokotoo hakifunguliwi tena. Inaleta jina la mwanachama namba ikishaandikwa, ili karani amwambie mkulima, "Ni wewe, baba?" kabla ya kutuma. Jambo gumu lililobaki ni mtandao kukosekana kabisa, na hapa sitaficha kwamba fomu tupu haitoshi: bila JavaScript, mtandao ukikatika, karani anajua kwamba haijaenda, lakini hana mahali pa kuiweka. Kwa hiyo tuliandika kijiprogramu kinachokaa nyuma ya ukurasa, ambacho huutunza ukurasa wa fomu ndani ya simu na kuandika kila mzigo kwenye hifadhi ya kudumu kabla ya kujaribu kuutuma. Hatuamini kivinjari kinaposema kwamba kuna mtandao, maana husema hivyo hata pale penye alama tu na hakuna kinachopita. Tunaamini jibu la seva peke yake. Mwenzangu aliyeutetea mfumo wa kwanza ndiye aliyeiandika sehemu hii, na ni kazi nzuri kuliko yoyote niliyoiona kwetu.

Maneno yaliyo juu ya kioo yalituchukua muda karibu sawa na msimbo. Neno "imehifadhiwa" tuliliondoa kabisa, kwa sababu halisemi imehifadhiwa wapi. Sasa kuna hali mbili tu. Ya kwanza ni "Imo ndani ya simu, haijafika ofisini," kwa maandishi ya rangi ya machungwa. Ya pili ni "Imefika ofisini," na hapohapo namba ya stakabadhi, ambayo simu haina uwezo wa kuibuni. Seva peke yake ndiyo huitoa. Namba ikishatoka, seva humtumia mkulima ujumbe mfupi wenye jina, kilo na namba hiyo, na ujumbe huo hufika hata kwenye kiswaswadu. Mkulima asiyeupata hadi kesho yake anajua kwamba ana sababu ya kurudi kuuliza, wakati karani bado anakumbuka na magunia bado yapo ghalani.

Programu ya ukurasa mmoja hatukuitupa. Makao ya chama yana ramani ya vituo na magari, yenye vichujio na grafu ambazo meneja huzichezea kutwa nzima akiwa mezani kwenye mtandao wa uhakika, na huko ndiko mahali pake. Kuigeuza kuwa kurasa kungemsumbua bila faida. Ukurasa wake ukisusa kwa dakika mbili, hakuna mkulima anayepoteza kitu.

Mzee alilipwa kilo zake 184 kwa ushahidi wa daftari, kwa sababu karani hakuwahi kuacha kuliandika hata tulipomwambia kwamba halihitajiki tena. Tulipompelekea fomu mpya ili aijaribu, aliitazama, akauliza mbona haina mahali pa kuandika ukurasa wa daftari. Alisema mtu akija na ubishi, yeye hupoteza nusu saa akifunua kurasa kutafuta mstari wake. Tuliiongeza sehemu hiyo siku ileile, kati ya uzito na kitufe cha kutuma, na sasa kila stakabadhi, kwenye seva na kwenye ujumbe wa simu ya mkulima, ina namba ya ukurasa ulioandikwa kwa kalamu chini ya ule mkwaju.